Poka ya Karata 36: Hesabu Zinapogeuka

Mezani kuna sarafu 50. Karata tatu zimefunuliwa, K, 9 na 8, kila moja ya aina yake. Mkononi una J na 10. Mpinzani wako anasukuma zote alizonazo, sarafu 75, na kwa jinsi alivyocheza tangu mwanzo una kila sababu ya kuamini kwamba ana jozi ya K. Ukilipia, unatoa 75 kushindania 125 zilizokwisha kuwekwa. Unahitaji kushinda angalau mara 37 na nusu katika kila 100, la sivyo uamuzi huo utakugharimu kadiri unavyourudia. Unalipia au unatupa?

Kwa pakiti ya kawaida ya karata 52, tupa. Unaisubiri Q au 7, yaani karata nane zinazokufaa, na katika karata mbili zilizobaki kufunuliwa utaipata mojawapo kwa asilimia 31 na nusu hivi. Hata ukiongeza bahati ndogondogo za pembeni, hufiki 37. Kwa pakiti ya karata 36, lipia. Karata nane zilezile sasa zitatokea kwa asilimia 45 na ushee. Unachokiona mezani ni kilekile, mkononi kilekile, na jibu sahihi limegeuka.

Ugumu wa mchezo huu uko hapo. Kanuni zake mtu huzimaliza kwa dakika kumi, lakini hesabu alizojijengea kwa kucheza na pakiti kamili zinaendelea kumwongoza bila yeye kujua, na zinamwongoza vibaya. Makala haya ni kwa ajili ya mtu anayeifahamu Texas Hold'em, yaani karata mbili za siri kwa kila mchezaji na tano za wote zinazofunuliwa mezani kwanza tatu, kisha moja, kisha moja, na anayetaka kukaa kwenye meza ya karata 36 bila kuacha fedha zake huko kwa sababu ya mazoea. Nitatumia herufi zilizochapwa kwenye karata zenyewe: A ni ree, K mfalme, Q bibi, J ghulamu.

Mchezo wenyewe huitwa Short Deck, na wengine huuita Six Plus Hold'em. Ulivuma kutoka Macau, kwenye meza za dau kubwa za wafanyabiashara, na majina yanayohusishwa nao zaidi ni ya Wamalaysia wawili, Paul Phua na Richard Yong, waanzilishi wa mashindano ya Triton. Mwaka 2018 Triton iliuingiza katika mashindano yake ya Montenegro, na Mmarekani Phil Ivey akashinda mojawapo ya michuano hiyo. Mwaka uliofuata World Series of Poker ya Las Vegas ikaupa nafasi kwa kiingilio cha dola 10,000. Lakini wazo la kupunguza pakiti ni la zamani zaidi ya hapo. Waitaliano wana poka yao ambamo karata ya chini kabisa hupatikana kwa kutoa idadi ya wachezaji kutoka 11: wakiwa watano, wanaanza na 6, na pakiti inakuwa ya karata 36 hizihizi. Australia nako kuna Manila, ya karata 32.

Kilichowavutia watu wa Macau ni mwendo. Kwenye pakiti kamili mchezaji makini hukaa muda mrefu akitupa karata mbovu. Ukiondoa karata ndogo, karibu kila mtu anapata kitu cha kuchezea, na mafungu yanakuwa makubwa.

Kabla ya kugawa

Toa 2, 3, 4 na 5 za kila aina: kopa, uru, shupaza na pau. Toa jokeri pia. Zitabaki karata 36, tisa kwa kila aina. Mtu aliyekulia karata za turufu hatashangaa, maana katika michezo mingi ya namna hiyo pakiti hupunguzwa kwanza. Zihesabu kabla ya kuanza. 5 moja iliyojificha ndani itavuruga kila kitu nitakachoeleza hapa.

Halafu elewaneni mambo matatu, kwa sauti, kila mtu akisikia. Nimeona magomvi ya kweli yakizuka kwenye meza za marafiki kwa sababu mambo haya yaliachwa yajulikane fungu likishakuwa kubwa.

La kwanza: flashi, yaani karata tano za aina moja, inashinda fulu hausi. Hili karibu kila mahali linakubalika, na sababu yake ni uhaba. Ukichukua karata tano kutoka pakiti ya 52, flashi za kawaida zinazowezekana ni 5,108 na fulu hausi ni 3,744. Kwa pakiti ya 36, flashi zinashuka hadi 480 na fulu hausi zinabaki 1,728. Kila aina imepoteza karata nne kati ya 13, na inabidi tano zitoke kwenye tisa tu zilizobaki. Kwa upande mwingine, kila namba iliyobaki ingali na karata zake nne kamili, kwa hiyo jozi, tatu za kufanana na fulu hausi zimejaa tele. Kilicho adimu kimepandishwa daraja.

La pili ndilo linalogawanya watu: je, mfululizo unashinda tatu za kufanana, au kinyume chake? Meza nyingi za leo, zikiwemo za mashindano makubwa, zinaacha mfululizo uwe juu kama ilivyozoeleka. Lakini mchezo ulipoanza kuenea, wengi walicheza tatu za kufanana zikiwa juu, na bado wapo wanaocheza hivyo. Hawakubuni tu. Mwisho wa mchezo kila mtu ana karata saba za kuchagulia, mbili zake na tano za mezani, na katika kila mikono 100 ya karata saba kutoka pakiti ya 36, takriban 14 huishia kuwa mfululizo, ilhali tatu za kufanana ni saba hivi. Mfululizo ni wa kawaida mara mbili! Kwa mantiki ya uhaba, tatu za kufanana zingestahili kuwa juu. Binafsi napendelea mfululizo ubaki juu, kwa sababu unampa mwenye karata zinazofuatana sababu ya kuingia mchezoni dhidi ya jozi kubwa, na hapo ndipo mchezo huu unapokuwa na utamu wake. Lakini upendeleo wangu si kitu kama wenyeji wa meza wanacheza vingine. Uliza.

La tatu: A inakaa juu ya K, na pia inakaa chini ya 6, pale ambapo 5 ingekuwa. Kwa hiyo A-6-7-8-9 ni mfululizo halali, ndio wa chini kuliko yote. Wageni wa mchezo huu hulisahau hili kuliko jambo jingine lolote. Wanaona 6, 7 na 9 mezani, wana A na 8 mkononi, na wanadhani hawana kitu.

Zidisha kwa 3, zidisha kwa 6

Wachezaji wa pakiti kamili wana njia ya mkato: hesabu karata zinazokufaa, zidisha kwa 2 kama imebaki moja kufunuliwa, au kwa 4 kama zimebaki mbili, na utapata asilimia inayokaribia ukweli. Njia hiyo iache mlangoni. Kwenye karata 36, baada ya tatu za kwanza kufunuliwa, karata usizoziona ni 31 badala ya 47. Kila karata inayokufaa ina uzito mkubwa zaidi. Zidisha kwa 3 na kwa 6.

Mfululizo ulio wazi pande mbili una karata nane. Nane mara 6 ni 48. Ukweli ni asilimia 45.6. Mfululizo unaokosa karata ya katikati una nne. Nne mara 6 ni 24. Ukweli ni 24.5, wakati kwenye pakiti kamili ni 16.5 tu. Njia hii inaanza kupotosha ukiwa na karata nyingi za kukufaa: ukiwa na 12 itakuambia 72 na ukweli ni 63. Kwa hiyo ukipita nane, punguza kidogo kichwani.

Sasa angalia flashi, maana hapa wengi wanapoteza. Una karata mbili za kopa, mezani kuna kopa mbili, unaisubiri ya tano. Kwenye pakiti kamili zimebaki kopa tisa, na uwezekano wa kuipata katika karata mbili zijazo ni asilimia 35. Kwenye pakiti ya 36 zimebaki kopa tano tu. Tano mara 6 ni 30, na ukweli ni 30.1. Yaani mfululizo wa pande mbili umepanda kutoka 31 hadi 45, na flashi imeshuka kutoka 35 hadi 30. Zimebadilishana nafasi, na kwa umbali mkubwa.

Tafsiri yake kwa fedha ni hii. Fungu lina 60, mpinzani anaweka 60 zake za mwisho, nawe unatakiwa kutoa 60 kushindania 120. Unahitaji asilimia 33 na theluthi. Kwa pakiti kamili ukisubiri flashi unalipia. Kwa pakiti ya 36, kama huna tegemeo jingine zaidi ya hiyo flashi, unatupa. Mchezaji wa pakiti kamili anayeketi hapa huku akiziabudu karata mbili za aina moja atalipia madau ya namna hii usiku mzima.

Flashi ikitimia, hata hivyo, ni silaha nzito kuliko ulivyozoea, kwa sababu mwenye fulu hausi hataiachia na atakulipa kikamilifu. Kwa hiyo kama wewe na mpinzani wako bado mna sarafu nyingi nyuma yenu, unaweza kuifuatilia kwa bei ambayo hesabu peke yake ingeikataa kidogo. Mkiwa mmebakiza sarafu chache, achana nayo.

Usiniamini kwa maneno. Chukua pakiti ya 36, weka pembeni karata zako mbili na tatu za mezani, changanya 31 zilizobaki, funua mbili, andika kama ulichokihitaji kimekuja. Rudisha, changanya, funua tena. Fanya hivyo jioni nzima ukibadilisha mfululizo na flashi. Vidole vikishazoea kuona Q na 7 zikija karibu nusu ya majaribio, hutahitaji kukumbuka namba zangu.

Karata mbili za mwanzo

Kwenye pakiti kamili kuna namna 1,326 za kupata karata mbili. Hapa ziko 630. Jozi ya A hukujia mara moja katika kila mgao 105, badala ya 221. Jozi yoyote ile hukujia mara moja katika kila 12 hivi, badala ya 17. Utafurahi mwanzoni. Kumbuka tu kwamba aliyeketi mbele yako anagawiwa kutoka pakiti ileile.

Chukulia una jozi ya K kwenye meza ya watu sita. Uwezekano kwamba mmoja kati ya wale watano ana jozi ya A ni takriban asilimia 5, zaidi ya mara mbili ya ule wa pakiti kamili kwa idadi hiyohiyo ya watu. Bado ni mdogo, na sisemi utupe jozi ya K kabla ya karata za mezani. Ninachosema ni kwamba ile hofu ambayo kwenye pakiti kamili ungeipuuza, hapa ina msingi zaidi, hasa mtu anapopandisha kwa mara ya tatu.

A-K ni mkono wa kupendeza kwenye mchezo huu. Ukiweka zote dhidi ya mwenye jozi ndogo, A au K itatokea mezani kwa asilimia 67, badala ya 50. Hii haimaanishi kwamba utashinda mara 67, kwa sababu jozi nayo hupata ya tatu mara nyingi zaidi na ina njia zake za kukimbia. Lakini ule mkono ambao umezoea kuuona ukiwa nyuma kidogo ya jozi sasa unasimama nayo bega kwa bega.

Zilizopanda thamani kuliko zote ni karata zinazofuatana, J-10 mbele yao. Mifululizo yote inayowezekana ni sita, na J na 10 zinashirikiana katika minne. Q-J na 10-9 nazo ni nzuri. Zilizoshuka ni A yenye rafiki dhaifu wa aina nyingine, kama A-7. Inavutia macho, lakini wenye A-K, A-Q na A-J wamejaa kwenye meza hii, na jozi yako ya A itakuwa ndiyo hasa itakayokumaliza. Icheze ukiwa wa mwisho kuamua na kwa bei ndogo, vinginevyo itupe.

Na hapa kuna mabadiliko ambayo hayatokani na karata bali na namna dau linavyowekwa. Texas Hold'em ya kawaida huwalazimisha watu wawili tu kutanguliza dau. Kwenye Short Deck kwa kawaida kila mtu anatanguliza sarafu moja ya kiingilio, na aliye kwenye nafasi ya mgawaji anaweka mbili. Watu wakiwa sita, fungu lina sarafu saba kabla ya mtu yeyote kusema neno, na kuingia kunagharimu moja. Kutoa moja kushindania saba ni bei inayoruhusu mikono mingi. Ndiyo sababu kuingia kwa kulipia tu, bila kupandisha, ambako kwenye pakiti kamili huonekana kama udhaifu, hapa ni mwenendo wa kawaida hata kwa mabingwa. Unaweza kuingia hivyo na J-10, na jozi ya 7, na hata na jozi ya A ukitarajia mwingine apandishe.

Tahadhari yake ni kwamba kila mzunguko unakutoza. Kwenye pakiti kamili unaweza kukaa kimya kwa bei nafuu ukisubiri mkono mkubwa. Hapa kila mgao unalipa, uingie usiingie. Anayecheza mikono michache mno ataona sarafu zake zikiyeyuka bila kushindwa fungu hata moja. Pia zingatia kwamba mgawaji, mwenye sarafu mbili ndani, ndiye anayeamua mwisho katika kila hatua. Nafasi hiyo ni nzuri kuliko zote mezani, na mikono ya kubahatisha ihifadhi kwa ajili yake na kwa ajili ya jirani yake anayemtangulia.

Dau la kumfukuza mtu

Tuseme wewe ndiye mwenye jozi ya K na A pembeni, na mwenzako ndiye anayesubiri mfululizo. Karata nne zimeshafunuliwa, imebaki moja. Kwenye pakiti kamili ana asilimia 17 ya kuipata. Ukiweka dau la nusu ya fungu, anatakiwa awe na asilimia 25 ili kulipia kumfae. Hana, kwa hiyo akilipia anakosea, na kosa lake ni faida yako.

Weka dau hilohilo kwenye karata 36. Sasa ana karata nane kati ya 30, karibu asilimia 27. Nusu ya fungu umempa bei nzuri, na kila anapolipia ananufaika yeye. Ili umlipishe inavyostahili, panda hadi robo tatu ya fungu, ambapo atahitaji asilimia 30. Dau la nusu, ambalo wachezaji wengi huliweka kwa mazoea bila kufikiri, ni kosa la kimyakimya linalojirudia mara nyingi kwa siku moja.

Karata mbili zikiwa bado hazijafunuliwa na yeye hana zaidi ya kuweka zote, mambo ni magumu zaidi. Ana asilimia 45. Ili kumfanya akosee kwa kulipia, ungelazimika kuweka zaidi ya mara tano ya fungu. Kwa maneno mengine, huwezi kumfukuza. Mwenye jozi moja na mwenye mfululizo nusu wako karibu sawa, na ni bora ukubali hilo mapema. Kama unataka kujilinda, lifanye fungu liwe dogo kwenye hatua hiyo, kisha weka dau kubwa karata ya nne ikishafunuliwa bila kumsaidia. Hapo ndipo uwezekano wake unapoporomoka ghafla kutoka 45 hadi 27, na hapo ndipo sarafu zako zina nguvu.

Kwa sababu hiyohiyo vitisho vitupu havilipi sana. Watu wanalipia zaidi, na wana haki ya kulipia, maana karibu kila mtu ana kitu anachokisubiri. Ukitaka kutisha, tisha ukiwa nawe una karata za kukufaa, ili akikulipia bado uwe na njia ya kushinda.

Ukiwa na jozi ndogo mkononi, sita mbili kwa mfano, tatu za kufanana zitakujia kwenye karata tatu za kwanza kwa asilimia 17, badala ya 12. Karibu mara moja katika kila sita. Ni sababu ya kutosha ya kuingia kwa bei ndogo. Ikitokea, jua pia kwamba tatu hizo zina asilimia 48 ya kukua hadi fulu hausi au nne za kufanana kufikia karata ya mwisho, ilhali kwenye pakiti kamili ni 33. Kwa hiyo hata kama mwenzako amekwisha kutimiza mfululizo wake mbele yako, hujafa. Una karibu nusu ya fungu bado. Na ukiwa wewe ndiye mwenye mfululizo huo, usijione umeshamaliza kazi. Namba ikijirudia mezani, punguza mwendo.

Soma meza kupitia 9 na 10

Kuna jambo moja la kuangalia ambalo limewasaidia sana watu niliowafundisha. Iandike mifululizo yote sita: A-6-7-8-9, 6 hadi 10, 7 hadi J, 8 hadi Q, 9 hadi K, 10 hadi A. Hakuna hata mmoja usiokuwa na 9 au 10, na minne inazo zote mbili. Kwa hiyo mezani pasipo na 9 wala 10, yeyote mwenye mfululizo lazima amekalia mojawapo mkononi. Na kila 9 au 10 uliyoishika wewe ni moja ambayo yeye hana.

Chukua meza hii ya karata tano: K, J, 8, 7, 6, bila aina yoyote kujirudia mara tatu. Mkononi una A na 9. Mzoefu wa pakiti kamili ataona A peke yake na kutupa. Wewe unaona A-6-7-8-9. Nani anakushinda? Flashi haiwezekani, wala fulu hausi, kwa sababu hakuna namba iliyojirudia mezani. Mfululizo mwingine uliopo hapo ni wa mwenye 10-9, na kwa kuwa 9 moja unayo wewe, zimebaki tatu. Zikikutana na 10 nne, kuna namna 12 tu za yeye kuwa na mkono huo. Mwenye A-9 nyingine, namna tisa, mtagawana. Sasa rudi kwenye swali la pili mliloelewana mwanzoni. Kama kwenu mfululizo uko juu, hesabu imeishia hapo: 12. Kama tatu za kufanana ziko juu, ongeza jozi ya K, ya J, ya 8, ya 7 na ya 6, kila moja ikiwa na namna tatu za kuwa mkononi mwa mtu, na wanaokushinda wanakuwa 27 kati ya mikono 406 inayowezekana. Mpinzani akiweka dau la nusu ya fungu kwenye meza ya kwanza, lipia, na fikiria kupandisha. Kwenye meza ya pili, lipia tu, na akikurudia kwa kupandisha zote, tazama kwanza ni mtu wa kuingia na jozi ndogo au la.